Vyungu vya Barazani kwa Bwerunde

Nchi ya Sidaro imekaa mabondeni, kijani na yenye ng'ombe wengi, na ikulu yake iko juu kileleni, ambako hakuna ng'ombe hata mmoja lakini maziwa yote hupandishwa huko. Huko huendeshwa serikali ya ajabu. Mwenye malalamiko huleta chungu cha maziwa mabichi, akakiweka barazani na kuanza kungoja. Maziwa yakishaganda, mtawala husimama mbele ya chungu hicho, wala haruhusiwi kuketi mpaka ajibu. Amri za mtawala nazo huwekwa chunguni, na huwa sheria zikiganda. Usawa mtupu, au ndivyo wanavyojisifu.

Lakini katika enzi ya Bwerunde, mtu mnene mwenye sauti laini, amri ziliganda kabla hajamaliza kuzitamka, na malalamiko yalibaki maziwa mabichi mwaka hata mwaka.

Nasiwa, mama wa bonde la chini, alikuwa amelalamikia chemchemi ya kijiji chake, iliyozungushiwa ukuta ili Bwerunde aogelee. Ng'ombe walikuwa wakifa kwa kiu. Wangojao hudeki baraza, na katika kudeki kwake akamwona Lukundo, mtunza vyungu, akinyunyiza unga mweupe kwenye vyungu vya watu, kisha akikoroga cha mtawala kwa kijiti cheusi.

"Kaka Lukundo, hicho kijiti mbona hakiishi?"

Lukundo alipenda kuulizwa kuliko alivyopenda kula. "Hiki ni kichocheo, dada. Kinaharakisha kazi, chenyewe hakiliki."

"Hata maji kitayagandisha?"

Akakichovya ndooni. Maji yakabaki maji. "Kinaharakisha kilichokuwa njiani tu."

"Na huo unga?"

"Kizuizi. Unachelewesha, halafu unaisha nguvu. Ndiyo maana naongeza kila asubuhi."

Nasiwa akaendelea kudeki, akiwaza.

Siku ya amri ya kuifanya chemchemi kuwa mali ya ikulu milele, walialikwa wageni kutoka nchi jirani, na tangu alfajiri Lukundo alihangaika na viti vyao hata unga akausahau. Bwerunde akakoroga chungu chake kwa kile kijiti cheusi. Kikaganda papo hapo. Wageni wakapiga makofi. Nasiwa akapiga magoti.

"Mkuu, zamani mtawala alikuwa akikoroga na vyungu vyetu kwa mkono wake, kuonyesha kwamba ni baba wa wote. Leo hutatukorogea?"

"Desturi nzuri iliyoje!" wakasema wageni.

Angekataaje mbele za watu? Tena aliuamini unga wake. Akapita akikoroga chungu baada ya chungu, akitabasamu, na nyuma yake maziwa yakajishika, yakawa mazito, yakaganda. Kijiti kilikuwa kilekile, hakikupungua hata chembe. Nakiri nilifurahi.

"Unga!" akanong'ona Bwerunde. Lukundo akaja mbio, akamwaga kopo zima; mtindi ukabaki mtindi.

Nasiwa akainua chungu chake mpaka usawa wa kifua cha mtawala.

"Chemchemi yetu, Mkuu. Tunakusikiliza."

Bwerunde akafungua kinywa. Akatupia jicho kiti chake, ambacho hakuruhusiwa kukikalia mpaka ajibu. Wageni, wakidhani sherehe bado inaendelea, wakasogeza viti karibu ili wamsikie vizuri.