Hita ya Morris

"Washa tena, Mama," Mose alisema. Alikuwa amelala chali chini ya dashibodi, miguu imetokeza nje ya mlango, viatu vimelowa umande.

Mama yake, Drusilla, alizungusha ufunguo, akavuta kitufe cha stata. Kigari kikakohoa, kikatetemeka, kikashika. Feni ikanguruma ndani ya kiboksi chake cha bati. Mama aliweka kiganja mbele ya tundu, akangoja. Akangoja sana.

"Ni baridi," alisema. "Baridi ya mochari."

Mose hakucheka. Kwa miezi minane alikuwa akimpeleka mama yake Kisii kila Jumanne na Ijumaa, akafungwe kwenye mashine ya kusafisha damu. Damu ilitoka mwilini, ikazunguka kwenye mipira, ikarudi. Na iliporudi ilirudi na baridi ambayo blanketi mbili hazikuiweza. Asubuhi waliteremka kutoka kwao Manga ukungu ukiwa bado umeketi barabarani, jioni wakapanda na mvua. Njia nzima Mose alisikia meno ya mama yake yakigongana.

Gari lenyewe lilikuwa Morris ndogo ya mwaka 1959, ya marehemu baba yake Mose, mwalimu. Lilitoka kiwandani bila hita. Enzi hizo hita ilikuwa kitu cha kuongezewa. Basi Mose, fundi wa rejeta sokoni, akaamua kuitengeneza mwenyewe. Alikwenda mpaka Nyaramba, akachomoa kirejeta kidogo cha shaba na feni yake kwenye lori lililokufa. Alikikata, akakilehemu upya, akakitia kwenye boksi alilolikunja kwa debe la mafuta ya kupikia. Akatoboa njia ya kuchota maji ya moto kichwani mwa injini na njia nyingine ya kuyarudisha. Siku tisa. Na sasa ilipuliza baridi ya mochari.

Alitoka chini ya dashibodi, akafungua boneti, akashika mpira wa juu. Vuguvugu tu. Alikaa akiutazama kwa muda, kisha akachukua spana, akafungua kifuniko ambacho maji hupitia kwenda kwenye rejeta. Ndani palikuwa patupu. Themostati, kile kidude kinachozuia maji mpaka injini ipate moto, haikuwepo. Fundi fulani wa zamani alikuwa ameing'oa, kama wengi wafanyavyo, akiogopa injini isije ikachemka. Miaka yote hiyo injini ilikuwa ikinyweshwa maji baridi bila kupumzika, na haikuwahi kupata joto lake.

Alitia themostati mpya, akasafisha rejeta na kurekebisha kabureta, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshashika kazi. Jumanne iliyofuata, kabla hawajafika lami, hewa ya moto ilipanda miguuni mwa Drusilla. Akavua soksi za mikononi, moja baada ya nyingine, akavitandaza vidole mbele ya tundu. Walipofika hospitalini alikataa kushuka.

"Niache dakika moja," alisema. "Nilikuwa nimesahau hivi ndivyo mwili unavyokaa."

Mose alimchukua video kwa simu, macho amefumba, mikono mbele kama mtu anayeota moto jikoni. Akaituma kwenye kundi la familia. Chini yake akaandika: *Mama na hita yake.*

Video ile ilimfikia Makori, kaka yake mkubwa, aliyeishi Nairobi. Kadi ya gari ilikuwa na jina lake, kwa sababu ndiye kifungua mimba. Hakujibu kitu kuhusu mama. Aliuliza: *Kumbe injini inanguruma hivyo?*

Wiki tatu baadaye, Ijumaa asubuhi, Makori aliingia uani na lori la kubebea magari. Aliyefuatana naye alikuwa mnunuzi, Uzair, mfanyabiashara wa vipuri mjini Kisii, mtu mpole mwenye kanzu safi aliyeyapenda magari ya kale kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Alilizunguka Morris polepole, akigusa mataa kwa ncha za vidole.

"Mashallah. Limetunzwa," alisema. Kisha akainama kuchungulia ndani. "Lakini hii nini hapa?"

"Hita," Mose alisema. "Nimeitengeneza mimi."

"Kazi nzuri, fundi, sikufichi. Lakini nalipeleka maonyeshoni. Majaji wanataka gari lilivyotoka kiwandani. Hiyo itanitoa."

"Itaondolewa sasa hivi," Makori alisema. Akamgeukia ndugu yake, akahamia lugha yao, Ekegusii. "Itoe."

"Leo Ijumaa, Makori."

"Najua siku za wiki."

"Mama anakwenda kusafishwa damu. Ngoja basi tumpeleke leo, tukirudi—"

"Lori nimelikodi la asubuhi." Makori alisema bila kupandisha sauti, akifuta tope kwenye kiatu kwa jani la mgomba. "Sikiliza. Dawa zake ninalipia mimi. Mashine ninalipia mimi. Wewe unalipia nini? Unapuliza hewa. Ukitaka nikuachie gari, chukua na dawa. Chagua."

Kwa mwezi mzima Mose alikuwa akiziba rejeta zinazovuja, na pesa zake zote zilikuwa unga na sabuni.

Ndipo mlango wa nyumba ukafunguka. Drusilla alitoka na mkoba wake wa hospitali, lesso juu ya sweta, sweta juu ya sweta. Aliwasalimia wageni, akambariki kifungua mimba wake kwa kumshika kichwa, akapita katikati yao, akaingia kwenye gari. Akakaa kiti chake.

"Mbona hujawasha?" alimuuliza Mose.

Uzair, ambaye hakuelewa maneno yao, alisema kwa adabu, "Washa kidogo fundi, nisikie injini."

Mose akawasha. Injini ikapata joto, feni ikaanza kupuliza, na Drusilla akavua soksi za mikononi. Mose alizunguka upande wake na spana, akapiga magoti kwenye nyasi. Alimwacha kwa kitambo. Makori alikohoa. Alimwacha kidogo tena.

"Mama," alisema. "Toa mikono."

"Imeharibika?"

"Hapana."

Drusilla aliitazama spana, akalitazama lori lililoteremsha mbao zake nyuma, kisha akamtazama Makori, ambaye alikuwa akitazama simu. Aliirudisha mikono mapajani. Mose alingoja amlaani ndugu yake, hata kwa neno moja.

"Ulilitengenezea nini?" mama alimuuliza kwa sauti ya chini. "Lilipokuwa bovu, lilikuwa letu. Ungeliacha bovu."

"Mama, ulikuwa unatetemeka."

"Nilikuwa nimezoea."

Alishuka mwenyewe, hakutaka kushikwa. Mose alizima injini, akalegeza vibanio, na maji ya moto yakamwagika juu ya vidole vyake. Hakuviondoa. Aliziba njia mbili za injini kwa vizibo, akalitoa boksi, akaliweka chini. Tundu nne za skrubu zilibaki kwenye bodi. Uzair alizitazama kwa huzuni, akasema zitazibika.

Walilipandisha Morris loriini, wakalifunga kamba, wakalifunika turubai zito ili lisiguswe na mvua. Makori alipanda mbele na dereva. Kupitia dirishani alimwambia mama yake ajitunze na baridi.

Alfayo wa bodaboda alikuwa ameshaitwa. Drusilla alipanda nyuma yake, mkoba katikati, na Mose akaja na blanketi na kumzungushia mabegani. Alitaka kupanda naye.

"Baki," alisema mama yake. "Utalemea pikipiki. Mlima ni mkali."

"Nani atakushika?"

"Nitamshika Alfayo."

Pikipiki ilishuka ikiteleza, ncha ya blanketi ikipepea, hadi ukungu ukaimeza, ukabaki mlio tu, kisha mlio nao ukaisha.

Mose alibaki amesimama uani. Maji yaliyomwagika yalikuwa bado yakifuka mvuke kwenye nyasi. Kuku mmoja alitoka chini ya migomba na vifaranga vyake, akapapasa lile tope vuguvugu kwa mguu, akatulia, akatanua mabawa, na vifaranga vikaingia.