Darasa Lisilo na Meza

Tangu asubuhi Earlene Gadsden alikuwa hatulii. Alikuwa amefuta sahani zilizokwisha kufutwa, akaonja sukumawiki mara nne, na kila dakika mbili alichungulia ukumbini, ambako wazee wenye vizibao vya rangi ya damu ya mzee walikuwa wakitafuta meza zao. Ukumbi huu wa michezo ndio uliobaki wa Shule ya Sekondari ya Lockhart. Wakubwa wa wilaya walipoamua watoto weusi na weupe wasome pamoja, waliofunga virago ni weusi, na shule yao ikafungwa. Makombe yake yakatupwa jalalani, na hilo Earlene hajalisamehe mpaka leo.

Meza zilipangwa kwa mwaka wa kuhitimu, kuanzia elfu moja mia tisa hamsini na moja hadi sitini na tisa. Earlene alikuwa amebakiza mwaka mmoja shule ilipofungwa. Darasa lake, la sabini, lilimalizia kwa weupe, kwa hiyo halikuwa na meza. Na mtu asiye na meza utamweka wapi? Jikoni. Yeye na wenzake wa darasa hilo, Lurleen na Otis Rembert, walikuwa wakipakua chakula katika kila mkutano wa wahitimu, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini ni wao tu.

Shemasi Weldon Mackey, mwenyekiti wa chama cha wahitimu, aliingia na fomu ya ufadhili wa masomo mkononi.

"Dada Earlene, umeniponza. Hapa umeandika mhitimu wa sabini."

"Ndiyo mimi huyo."

"Hakuna darasa la sabini, dada yangu. Sheria inasema ufadhili ni wa mjukuu wa mhitimu wa Lockhart. Mjukuu wako Janiya atakosa chuo kwa ubishi wako?"

"Sheria naijua. Niliipiga taipu mimi."

Ni kweli. Chama kilipoanzishwa alikuwa hodari wa taipu kuliko wote, na neno "mhitimu" aliliweka kwa mkono wake ili shule ya weupe isije ikajidai kuwa urithi ni wake. Alifunga mlango akiwa nje, na hakugundua mpaka mjukuu alipobisha hodi.

Weldon akashusha sauti. "Dada yako Ozella, Mungu amrehemu, alihitimu sitini na sita. Dada wa bibi naye ni bibi. Andika jina lake, yaishe. Nani atauliza?"

Earlene akaandika. Alikuwa na hasira, lakini mtoto kwanza.

"Umefanya vizuri," Lurleen alisema Weldon alipotoka.

"Usinisifu, Lurleen. Koroga hiyo supu."

Hakukaa. Alizunguka meza ya jikoni mpaka Otis akamwambia anamtia kizunguzungu. Kisha akasikia jina la Janiya likiitwa. Kwa desturi yao, mtoto husimama mbele, hutaja mzee aliyemleta na mwaka wake, na darasa lile lote husimama kumpokea. Janiya alishika karatasi. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi ni mjukuu wa Ozella..."

"Ngoja, Janiya." Earlene alikuwa mlangoni, upawa mkononi. Alijua anaweza kumharibia mtoto mbele ya umati. "Ozella alikuwa dada yangu nami nampenda. Lakini bibi yako ni mimi. Taja jina langu."

Janiya akamtazama Weldon, kisha bibi yake, akaikunja karatasi.

"Mimi ni mjukuu wa Earlene Gadsden. Darasa la sabini."

Weldon akajifuta jasho. "Ndugu zangu, sheria..."

"Weldon." Alikuwa Mwalimu Pettigrew, miaka tisini na mitatu, aliyewafundisha taipu. "Darasa limetajwa. Liite lisimame."

"Darasa la sabini," Weldon alisema kwa shingo upande, "simameni."

Hakuna aliyenyanyuka. Watu wakageuza shingo, wakatafuta, mpaka macho yao yakafika mlango wa jikoni. Earlene na upawa wake. Lurleen na aproni yake. Otis na sinia la mkate wa mahindi. Walikuwa wamesimama tayari, tangu mkutano wa kwanza.

Aliyeanza kulia ni mama mmoja wa meza ya sitini na tisa, kisha akasogeza kiti chake kutoa nafasi.

"Mpe mtoto haki yake," Mwalimu alisema. "Nyoosheni mikono mnaokubali."

Mikono ikanyooka, meza kwa meza, na wa mwisho ulikuwa wa Weldon.

"Na sheria, Mwalimu?" Weldon aliuliza.

"Aliyeipiga taipu ataipiga upya. Sasa waambie wakae."

Earlene akakaa kwenye meza ya sitini na tisa. Hakujua aweke wapi mikono. Meza ya hamsini na nane ilipoitisha mkate, alinyanyuka kwa mazoea, na Janiya akamshika bega, akamrudisha chini.

Shemasi Weldon akalichukua sinia kwa Otis, akaanza kugawa.