Zamu ya Kinyozi Kunyamaza

Wateja walimwita Redio, na yule kinyozi hakuwahi kukasirika, maana hata yeye alijua mdomo wake hauna breki. Mteja aliyekaa kwenye kiti chake aliondoka amenyolewa, na amezijua habari za mtaa mzima pamoja na za kwake mwenyewe.

Nyumbani mdomo huohuo ulikuwa umefanya balaa. Binti yake wa darasa la pili alisoma polepole, na kinyozi, kwa mapenzi tu, jamani, alimmalizia kila neno. Mtoto akianza "nyu...", baba keshataja nyumba, mlango na waliomo ndani. Mwishowe binti alifunga kitabu, akakataa kabisa kusoma nyumbani.

"Umemnyang'anya mtoto maneno mdomoni," mkewe alimwambia, na hakuwa anatania.

Shuleni kwa binti kulikuwa na desturi ya Ijumaa. Mtoto mwenye zamu alimwalika mtu mzima wa mtaani, akamkalisha kwenye kiti kidogo cha darasani, magoti yakikaribia kidevu, akamsomea. Sheria ilikuwa moja: msikilizaji hasemi kitu. Hasaidii, hasahihishi, hata kukohoa kwa mafumbo marufuku. Zamu ya binti ilipofika, alimwalika fundi cherehani wa jirani. Kinyozi alilichekea jambo hilo mbele ya wateja, lakini lilimuuma. Lilimuuma sana.

Ijumaa yenyewe fundi akaja mbio kwa kinyozi, sindano bado ziko kifuani.

"Shemeji, bibi harusi niliyemshonea yuko dukani analia, gauni halimwingii. Nenda wewe shuleni."

"Mimi? Mtoto mwenyewe hanitaki."

"Sasa asomee kiti kitupu mbele ya wenzake? Nenda bwana, na huo mdomo uufunge!"

Binti alipomwona baba yake mlangoni, uso ulimshuka. Kinyozi aliuona ukishuka, akatamani arudi zake. Mwalimu akamwonyesha kiti.

Mtoto akaanza, sauti ikimtetemeka. Sentensi ya kwanza ikapita, ya pili ikachechemea. Akafika kwenye neno refu. "Wali... walipo..." Akakwama.

Kinyozi aliliona lile neno, limekaa peupe: walipowasili. Ulimi ukamwasha. Binti akainua macho, akisubiri amaliziwe kama kawaida.

Baba akauma midomo, akamtazama. Ndipo alipoona jambo ambalo hakuwahi kutulia akaliona: midomo ya mwanawe ilikuwa ikizijaribu silabi kimyakimya, moja baada ya nyingine. Kumbe siku zote mtoto alikuwa njiani, anakaribia kufika, na yeye ndiye aliyekuwa akimkatisha. Aibu ikamshika, na akampenda mwanawe kuliko siku zote.

"Wa-li-po-wa-si-li," mtoto akasema. Kisha akalirudia lote kwa mkupuo, akaendelea na sentensi iliyofuata bila kumtazama mtu.

Kengele ikalia. Wenzake wakaanza kubeba mabegi. Mwalimu akamgusa bega.

"Umesoma vizuri sana. Sasa mruhusu baba arudi kazini, wateja wanamngoja."

Binti akafunua ukurasa mwingine, akakisogeza kitabu kikae katikati yao wawili.

"Wangoje, mwalimu," akasema. "Baba bado ananisikiliza."