Chokoleti ya Kumridhisha Aristeo

Wageni wakija kununua mablanketi kwa Aristeo, huishika sufu ya yule kondoo wake mzee na kusema wanaitaka hiyo ya rangi ya chokoleti. Aristeo hukasirika. "Hiyo ni kahawia," huwaambia. "Hii niliyoichemsha na maganda ya jozi ni hudhurungi. Chokoleti ni ya kunywa." Miaka arubaini amefuma, na hajachoka kuwarekebisha watu.

Binti yake Zenaida ndiye pekee aliyethubutu kumtania. "Baba, hata mikono yako ni chokoleti. Tuinywe?" Kwake udongo ulikuwa chokoleti, ng'ombe wa jirani chokoleti, na yeye mwenyewe chokoleti yenye maziwa kidogo. Aristeo alikuwa akigeuza uso ili asionekane akicheka.

Lakini kijijini kwao chokoleti si jambo la mzaha. Huendi kuomba mke, wala kuomba msamaha, bila kikapu cha chokoleti. Kwa hiyo mwezi wa pili, Zenaida alipotoroka na kijana Heladio na kwenda kuishi kwa mama wa kijana huyo, huko upande wa pili wa mto, kila mtu alijua kitakachofuata. Kesho yake tu, Crescencia, mama yake Heladio, alifika langoni na kaka zake wawili, vikapu vichwani, chokoleti na mikate ya mayai, kuja kumridhisha baba wa msichana. Baba akipokea na kunywa kikombe kimoja mbele yao, yameisha, na binti anaingia kwao kichwa juu. Asipopokea, binti havuki lango.

Aristeo hakupokea. Walirudi kabla ya Pasaka, akawarudisha tena.

"Baba Zenaida, mtoto amekukosea nini hasa?" aliuliza mkewe, Eloina.

"Hajanikosea kitu. Ya tatu napokea. Baba yako mimi alinirudisha mara ngapi?"

"Mbili."

"Haya. Au unataka watu waseme tumemtoa kama mtoto wa paka?"

"Watu waseme mpaka midomo iwaume! Mimi namtaka binti yangu."

Aristeo naye alimtaka, tena sana. Tangu binti aondoke chakula kilikuwa hakimpandi. Alikwishanunua vikombe sita vipya na upekecho wa mti mzuri, wa kuitoa chokoleti povu zito, na akamwambia Eloina asage kakao iwe tayari. Alihesabu siku. Alichosubiri ni wao kuja mara ya tatu, basi, heshima ya binti yake itimie.

Jumatano mchana, Eloina akiwa sokoni, lango liligongwa. Aristeo alichungulia kwenye ufa. Alikuwa Crescencia, peke yake, shali imemwanguka mabegani, mikono mitupu. Damu ilimpanda. Mikono mitupu! Kama mtu aliyekuja kuazima chumvi!

"Mkwe, nifungulie! Nina neno."

"Neno lije na kikapu," alijibu, akarudi kwenye mtambo wake.

"Si neno la kikapu hili, mkwe, ni—"

Akaanza kufuma kwa vishindo, makusudi, asisikie. Yule mama aligonga, akagonga, kisha akanyamaza. Aristeo alijiona amemweza. Eloina aliporudi, hakumwambia.

Zenaida alikuwa akiumwa tumbo tangu Jumatatu. Jioni ile walimpakia kwenye gari la jirani kumpeleka mjini, na madaktari wakakuta kidole tumbo kimeshapasuka. Alhamisi asubuhi alifariki, na mwili ukarudishwa kwa Crescencia. Habari ililetwa na kengele ya kanisa na majirani, na Aristeo alikaa sakafuni siku nzima.

Ijumaa wakaja mara ya tatu. Aristeo alifungua lango kabla hawajagonga. Crescencia alikuwa mbele na kikapu, kaka zake nyuma yake, na Heladio nyuma kabisa, macho yamevimba.

"Mkwe, tumerudi," alisema Crescencia. "Hatuwezi kumzika mtoto na ugomvi wa baba yake. Tunakuomba upokee."

Mdalasini ulinukia kutoka kikapuni. Aristeo hakuweza kuinua mikono.

"Jumatano ulitaka kuniambia nini?"

Crescencia alimtazama Eloina, kisha akamtazama yeye. "Alikuwa anamtaka mama yake. Alisema, mwambieni baba mimi sitavuka lango lake, mama tu ndiye aje huku."

"Ulikuja Jumatano?" aliuliza Eloina.

Eloina aliivuta shali yake, akatoka nje ya lango akasimama upande wao, wala hakugeuka kumtazama mumewe.

"Ondokeni na kikapu," Aristeo aliwaambia kwa sauti iliyokauka. "Si ninyi wa kuniomba mimi."

Walipoondoka aliichukua kakao yote iliyokuwa imesagwa, akaipanga kikapuni na mikate, akakiweka begani. Alivuka mto, akakipita kijiji kizima. Watu walisimama malangoni kwao wakimwangalia, kwa maana hawajapata kuona baba wa msichana akipeleka chokoleti kwa upande wa mume. Hakumsalimu mtu.

Langoni kwa Crescencia alivua kofia, akagonga, akasubiri juani. Alikuwa tayari kufukuzwa. Kwa kweli alikuwa akiomba afukuzwe, arudi nayo, aje tena, afukuzwe tena, watu wamwone. Alijua angeweza kulibeba hilo.

Crescencia alitoka. Alikipokea kikapu palepale, kwa mikono miwili.

"Pita ndani, mkwe," alisema. "Mama yake anamsuka nywele."