Sura Yangu, Shira ya Dukani

Walibandika sura yangu kwenye kila chupa, na kilemba changu cha sikukuu kichwani, chini wakaandika: Shira ya Mama Hersilie. Haya, nikavimba kichwa. Nani asingevimba? Binti yangu Ghislaine alikuwa anafungua baa yake hapa Vauclin, mji wetu wa pwani kisiwani, na mimi nilitaka kitu kimoja tu duniani: shira yangu ya miwa, niliyofundishwa na marehemu mama, ikae kwenye meza zake hata mimi nikishazikwa.

Siku ya kufungua aliniweka mlangoni na sufuria, jiko la mkaa na mwiko mrefu. Watalii wakishuka tu basini, picha! Nakoroga, vanila na mdalasini vinanukia mpaka barabarani, jasho linanitiririka. Nikasema moyoni, leo watajua kuna watu wanapika.

Kwetu mgeni hachanganyiwi ponchi. Unamwekea ramu nyeupe, ndimu na shira mezani, kila mtu achanganye kifo chake mwenyewe, ndivyo tunavyotaniana. Basi nilipochoka kukoroga nikasogea meza ya karibu, nikajichanganyia yangu. Nikaonja. Ala! Utamu mtupu! Vanila hakuna, ganda la ndimu hakuna, ule ukali wa maji ya miwa yaliyochemka hakuna. Sukari ya kiwandani, ndani ya chupa yenye uso wangu.

Nikamfuata Ghislaine jikoni.

"We mtoto, umetia nini kwenye chupa zangu?"

Hata hakugeuka. "Mama, tafadhali, si leo."

"Leo hii hii! Shira niliyokupikia wiki nzima iko wapi?"

"Ilichacha." Akaniangalia, akaona sidanganyiki. "Sawa, haikuchacha. Lakini mama, yako nyeusi. Leo tamu, kesho kali. Mteja akirudi anataka ile ile ya jana. Ya dukani haibadiliki."

"Sasa si uweke chupa ya dukani na lebo yake ya dukani?"

"Nani atapiga picha lebo ya dukani, mama?"

"Na ile ninayoikoroga pale mlangoni kama chizi?"

"Koroga tu. Harufu inawaingiza watu."

Hakusema kwa ubaya, na hicho ndicho kilichoniuma. Alisema kama mtu anayenitajia bei ya nyanya. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi siku ile niliujua upya, na safari hii hapakuwa na mkunga.

Nikatoka kwa kishindo. Liwalo na liwe, nitawaambia wote. Mume wangu Sosthène alikuwa ameketi na majirani zetu, ponchi zao tayari mikononi. Mzee huyu anakunywa shira yangu kila mchana tangu tuoane. Nikaona shahidi ndiye huyu: akionja atatema, na mimi sitahitaji kufungua mdomo.

"Onja," nikamwambia kwa sauti, meza nzima isikie. "Onja, halafu useme kweli tupu."

Akaonja. Akafumba macho. Akaonja tena.

"Mke wangu," alisema, "usikasirike, umetaka kweli. Miaka yote hii nilikuwa nakunywa kwa heshima yako tu. Lakini hii! Hersilie, leo ndiyo umepika!"

Meza ikalipuka kwa makofi. "Hongera, mama!" "Mkono huo!" Ghislaine alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa mkononi, ananitazama. Neno langu moja tu na baa ingefungwa siku ile ile iliyofunguliwa. Nikamtazama na mimi. Mtoto nimemzaa mwenyewe, ningemfanya nini?

"Umetia nini safari hii?" Sosthène akaniuliza, huku anajiongezea.

"Sijatia kitu," nikamjibu.