Sababu ya Kuacha Kazi

Jina la Pasi hakupewa kwa sababu ya kunyoosha nguo tu. Fundi cherehani huyo alikuwa na ulimi unaounguza, na mtaa mzima ulilijua hilo. Jumapili ile aliingia kwenye kikundi cha Biblia, sebuleni kwa Fundi Bomba, akiwa amenuna tangu mlangoni, akakivuta kiti cha plastiki mbali na wifi yake kadiri ukuta ulivyoruhusu, akakaa na mkoba mapajani.

Wifi huyo alikuwa mke wa mdogo wake wa kiume. Kushona alikujifunza dukani kwa Pasi, miaka minne, tangu kutia uzi kwenye sindano mpaka kukata koti. Halafu mwaka jana asubuhi moja hakutokea, bila hata kuaga. Sasa alikuwa na cherehani yake barazani, na alitaka kufanya mtihani wa ufundi apate cheti. Fomu ya mtihani lazima ijazwe na aliyemfundisha mtu kazi, na siku ya mwisho kuipeleka ilikuwa kesho. Pasi aliletewa na mdogo wake, akakaa nayo wiki tatu. Kila akiulizwa alijibu, "Ninaliombea." Hakuwa ameliombea hata mara moja.

Asubuhi hiyo hatimaye aliijaza. Palipoandikwa "Sababu ya kuacha kazi" alitia kwa wino: Uzembe. Aliunguza gauni la bibi harusi. Fomu ilikuwa mkobani, imekunjwa vizuri. Mpango wake ulikuwa kuikabidhi mwisho wa kipindi, mbele ya watu, huku anatabasamu. Wifi akiipeleka, atakataliwa. Asipoipeleka, atasubiri mwaka mwingine. Mpango mtamu kweli, ukiwa na roho ya namna hiyo.

Kikundi chao kilikuwa cha watu watano: hao wawili, Fundi Bomba, muuguzi mstaafu na mwalimu wa hesabu. Walikutana kujifunza kuyatazama mambo yote kwa macho ya Biblia, kazi, ndoa, jirani, hata foleni ya maji. "Neno likiishia hapa sebuleni," Fundi Bomba alipenda kusema, "hilo ni bomba lisilofika jikoni." Bomba la jikoni kwake lilikuwa linavuja tangu Pasaka, lakini tumsamehe, alikuwa mtu mwema.

Somo la siku hiyo lilikuwa ile barua fupi ya mtume akiwa gerezani, anapomsihi bwana mmoja ampokee tena mtumwa wake aliyemtoroka. Fundi Bomba alipoitaja tu, Pasi alipandwa na hasira.

"Ahaa! Nimeelewa. Mmenipangia!"

"Nani amekupangia, dada?"

"Mtoro, bwana wake, barua. Mnadhani mimi mtoto mdogo?"

Mwalimu wa hesabu aliinuka, akaenda kwenye karatasi ya ratiba iliyobandikwa ukutani, akaigonga kwa kidole. "Wiki hii ulichagua wewe. Miezi miwili iliyopita. Ulisema hiyo barua ni ukurasa mmoja na wewe una nguo za kunyoosha."

Muuguzi alikohoa ili asicheke.

Walisoma. Kisha ikaja desturi ya kikundi hicho, ambayo hakuna aliyeipenda: kila mtu aseme yeye ni nani katika habari waliyoisoma, na hairuhusiwi kujichagulia mtu mwema. Fundi Bomba alishachoka na vikundi ambavyo kila mmoja ni mtume.

"Mimi ndiye bwana mwenye nyumba," Pasi alisema kabla hajaulizwa. "Aliyetorokwa. Namfundisha mtu kazi, namlisha, halafu ananipa mgongo. Na bado mnataka nimpokee kwa vigelegele!"

"Alitoroka kwa nini?" muuguzi aliuliza.

"Nani?"

"Huyo mtumwa."

"Si aliiba."

Muuguzi alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye ukurasa. "Mtume anasema kama amemkosea. Kama. Kilichomkimbiza hakitaji."

"Basi hata kisipotajwa. Mtu hatoki mbio kwa watu bila kosa."

"Kosa la nani?"

Hilo halikuulizwa na muuguzi. Wifi ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, macho kwenye Biblia yake. Tangu ajiunge na kikundi hicho hakuwahi kumsemesha Pasi neno.

Pasi alimchukia wakati ule kuliko siku zote. Maana gauni lile aliliunguza Pasi mwenyewe. Simu ililia, akaiacha pasi juu ya hariri, akaenda kubishana na mwenye vitambaa. Aliporudi, alama ilikuwa imeshakaa kifuani pa gauni, ya kahawia, umbo la pasi kabisa. Mama wa bibi harusi akaingia saa hiyo hiyo, na duka limejaa. "Ni huyu!" Pasi alisema, akimwonyesha wifi yake kidole. "Nimemwambia mara ngapi!" Wifi aliwekwa katikati, akatukanwa na mama na mashangazi mpaka wakachoka. Kesho yake hakuja.

Kilichomkera Pasi zaidi ni kwamba mwanamke yule hakumwambia mtu. Hata mumewe hakujua, maana angekuja kugomba. Kila Jumapili Pasi alikuja na majibu yake makali tayari, na kila Jumapili wifi alikaa kimya. Unamfanya nini mtu wa namna hiyo? Ni heri angepiga kelele.

"Umeulizwa, dada," Fundi Bomba alisema. "Kosa la nani?"

"Mnanisumbua!" Pasi alifungua mkoba kwa nguvu, vifungo na chaki ya kushonea vikamwagika sakafuni. Akaitoa fomu. Ulikuwa wakati aliouandaa, na tabasamu halikuja. Aliusoma mstari wake mwenyewe akashikwa na hasira, na safari hii si kwa wifi.

"Nipe kalamu," alimwambia mwalimu.

Akaipiga mstari ile sentensi, kalamu ikakaribia kuichana karatasi. Chini ya fomu palikuwa na agizo kwamba ukifuta kitu utie sahihi pembeni. Akatia. Kisha akaandika upya, akatia sahihi ya mwisho, akamnyooshea wifi fomu bila kumtazama mtu.

"Chukua. Na usidhani nimekupenda."

Wifi aliipokea, akaisoma taratibu. Akaisoma tena. Kisha akaivuka sebule na kumrudishia.

"Isome kwa sauti, wifi."

"Umeshasoma. Inatosha."

"Ile siku hukuandika kwenye karatasi. Ulisema mbele ya watu."

Pasi alimtazama Fundi Bomba, akitarajia aingilie kati, awaombee amani kama kawaida yake. Fundi Bomba aliinama kuokota vifungo sakafuni.

Pasi akasimama. Uso ulimwaka, na lau angekuwa na pasi mkononi angeirusha ukutani.

"Sababu ya kuacha kazi," alisoma. "Gauni niliunguza mimi. Nikamsingizia."

Wifi aliichukua fomu, akaikunja, akaitia ndani ya Biblia yake. Hakusema asante. Alivaa viatu mlangoni akaondoka, na Pasi akabaki amesimama mbele ya watu watatu, mikono haina pa kwenda.