Kibendera Kwenye Kizingiti

Filimbi ililia mara tatu, na kabla ya ule mlio wa tatu kwisha Élisha, mwenye miaka mitatu, alikuwa ameketi kitandani akilia. Baba yake, Kisimba, akaiachia filimbi ining'inie kifuani, akapiga makofi, akaita majina. Saa kumi na mbili na robo. Saa moja kamili alitakiwa awe stesheni ya Kamina, na kabla ya hapo awe amewafikisha watoto wawili shuleni kwa baiskeli moja, mmoja mbele, mwingine nyuma.

Si mtu mbaya huyu Kisimba, nisije nikamchafulia jina bure. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa mtu wa manevra, anayeyaunganisha na kuyatenganisha mabehewa uwanjani, na huko mwenye sauti ndogo anaweza kuacha mkono kazini. Tangu mkewe Bijou aende Lubumbashi kumwuguza mama yake, wiki sita sasa, alifanya nyumbani alichokijua kazini. Bijou alikuwa akiwaamsha watoto kwa kuwawekea kiganja mgongoni tu, kisha anangoja. Kisimba kungoja hakukujua.

Élisha alikuwa akilia, na kilio chake kilikuwa kikipita. Aliyemtia baba yake hofu ni Feza. Binti huyo wa miaka sita alikuwa ameanza kutapika uji kila asubuhi, kimyakimya, kisha anajipangusa mdomo mwenyewe na kwenda kutafuta mkoba wake. Baba akimkaribia, mabega yake yalikuwa yakipanda. Feza alimnong'oneza mama yake kwenye simu, na mama akampigia dada yake mkubwa, Masengo, mke wa askari, anayekaa Base, kambi ya jeshi nje ya mji. Uamuzi ulimfikia Kisimba ukiwa umekwisha kukatwa: Masengo atakuja Ijumaa, kabla ya saa za shule, ajionee kwa macho yake. Akiwakuta watoto wanalia, anaondoka nao.

Kisimba aliumia sana. Aliumia zaidi kwa kuwa hakuwa na la kujitetea.

Jioni ya Alhamisi, jua likiwa bado linawaka juu ya mabati, alijaribu njia nyingine. Treni inayotoka asubuhi hupangwa jioni, hilo analijua hata usingizini. Akapanga mkekani shati, kaptula, gauni, soksi, viatu, mikoba, kila kitu nyuma ya mwenzake, na filimbi akaitundika msumarini. Feza alimtazama kwa mbali, kisha akaja kunyoosha soksi. Mkono wake ukafika kwenye mfuko wa kazi wa baba, ukatoka na kibendera chekundu.

"Papa, hii njo ya kufanya nini?"

"Bafundi bakiingia chini ya wagon, banasimamisha hii drapo mbele. Inasema: kuko muntu chini. Hakuna mashini ya kugusa ile wagon."

"Na nani anaiondosha?"

"Njo ule mwenye aliiweka. Yeye tu. Hata chef de gare, mukubwa wa stesheni, hawezi."

Feza aliwaza kidogo, akakirudisha mfukoni.

Ijumaa ilianza vizuri, na vizuri huko kukadumu robo saa nzima. Kisha Élisha akamwaga kikombe cha uji juu ya shati lililopangwa, na kiatu chake kimoja, kilichokuwa hapo hapo mkekani, kikawa hakionekani. Kisimba akaisikia sauti yake mwenyewe ikipanda, ile ya uwanjani, inayofika mpaka behewa la ishirini. Élisha akaangua kilio. Feza akamshika mdogo wake mkono, wakatoweka nyuma ya pazia la chumba. Baba akaichomoa filimbi msumarini, akawafuata.

Kwenye kizingiti, ndani ya kile kiatu kilichopotea, kibendera chekundu kilikuwa kimesimama wima.

Mguu wake ulibaki hewani. Kwa miaka kumi na mmoja mguu huo haujawahi kuvuka kibendera, na haukujua kwamba hapa ni nyumbani. Akaushusha taratibu. Kuko muntu chini. Maneno yalikuwa yake mwenyewe, ya jana tu, ila safari hii alimwona aliye chini ni nani. Aliona haya ya kweli, akainamisha kichwa, akaitia filimbi mfukoni.

Pikipiki ikanguruma nje. Masengo akaingia bila kubisha, na begi kubwa, tupu, mkononi.

"Batoto beko wapi?"

Akaliendea pazia. Kisimba akanyoosha mkono kumzuia, na kwa sauti ya chini akamwomba asipite. Masengo alitazama kibendera ndani ya kiatu, akamtazama shemeji yake, akataka kujua huu ni mchezo gani na saa inakwenda.

"Haiko muchezo, yaya," Kisimba alimwambia dada huyo wa mkewe. "Kuko muntu chini. Na minyi njo nilikuwa napita juu yake."

Masengo alivuta kigoda, akakaa. Huko stesheni injini ikapiga honi, saa moja ilikuwa imefika, na mtu wa manevra hakuondoka mahali alipo. Kilio nyuma ya pazia kilikuwa kimekoma. Sauti ya Feza ilisikika, ndogo, ya polepole, sauti ile ile ya Bijou, akimvisha mdogo wake: "Mukono huu mbele. Tungoje. Sasa ule." Élisha akacheka.

Masengo alilikunja begi mara mbili, akaliweka chini, akaweka miguu juu yake.

"Sasa weye unangoja nani?" akauliza kwa kunong'ona.

"Mwenye aliiweka."

Alichuchumaa mbele ya kizingiti, mikono juu ya magoti. Baada ya muda pazia likatikisika, na chini yake kikatokea kiganja kidogo cha Feza, kikapapasa sakafu, kikitafuta kiatu.